Kaa la Moto Linalosafisha

Somo letu ni utakatifu wa Mungu, na hebu tuanzie jikoni.

Kina mama wa hapa Banissa hawatii maziwa ya ngamia katika chombo kisichofukizwa. Kwanza huingiza kijinga cha moto ndani, wakafunika na kutikisa. Moshi hukisafisha chombo, maziwa yakakaa bila kuharibika upesi. Na chombo chenyewe hakiungui.

Sasa fungua Isaya sura ya 6. Nabii alimwona Mungu katika utakatifu wake, akadhani amekwisha, maana midomo yake ilikuwa michafu. Wengi wetu tunafikiri hivyo hivyo: Mungu ni mtakatifu, basi akae huko juu, nasi tukae huku na uchafu wetu. Lakini Mungu hakumfukuza. Serafi mmoja alichukua kaa la moto madhabahuni, akamgusa nalo midomo, na dhambi ikaondolewa. Ndipo akatumwa kazi. Katika Yesu, Mungu amesogea karibu zaidi: alikula na watoza ushuru, akawagusa wenye ukoma, na msalabani akatupatanisha naye.

Kaa lile lilimgusa Isaya pale pale palipokuwa pachafu. Kwetu ni wapi? Mara nyingi ni kwenye daftari la michango. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa miezi miwili bila kusalimiana na mweka hazina wetu kwa ajili ya shilingi 300, na Jumapili napanga foleni ya Komunyo kama kawaida! Mathayo 5:23-24 ndiyo iliyonishika: Bwana anataka sadaka ingoje, mtu aende kwanza kwa ndugu yake. Nilikwenda jioni hiyo. Kumbe hesabu niliikosea mimi.

Na ndugu huyo si lazima awe Mkristu. Mwaka 1993, koo zilipokuwa zikipigana kule Wajir, kina mama Waislamu, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni. Walihakikisha mama wa ukoo wowote anaweza kununua na kuuza. Wazee nao wakakaa chini, na mwaka huo huo likatoka Azimio la Al Fatah. Jirani zetu hawa nao humwita Mungu Al-Quddus, yaani Mtakatifu.

Mjadiliane: katika kikundi chenu, ni nani asiyesalimiwa siku ya mkutano? Nani atakwenda kwake kwanza, na lini?