Mkojo Ukichoma, Maliza Dozi

Kijitabu hiki ni cha nani?
Ni cha kila mwanamume wa Kisumu na ufuo wa ziwa, na cha mke wake.

Kwa nini tunakiandika
Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Kenya. Wengi hufika Hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, ugonjwa ukiwa umeshaingia mifupani.

Tabia inayotutia hofu kuliko zote
Mkojo unachoma. Mtu anapita duka la dawa Kondele, anafungiwa vidonge vinne kwenye karatasi. Kesho yake anapata nafuu, anarudi ziwani. Hajapona! Ugonjwa waweza kujificha kwenye tezi na kuivimbisha miezi, hata miaka. Maliza dozi.

Si kila tezi iliyovimba hupata saratani, na saratani huwapata hata wasiowahi kuugua mkojo. Lakini watafiti wanashuku kwamba uvimbe wa muda mrefu huchangia. Kwa kibofu, jambo hilo limethibitishwa: tangu 1994, shirika la utafiti wa saratani la WHO limetaja kichocho cha mkojo, ugonjwa wa minyoo unaovimbisha kibofu kwa muda mrefu, kuwa kisababishi cha saratani ya kibofu. Usiupe uvimbe nafasi. Maliza dozi.

Nenda dispensari ukiona haya
- Mkojo unachoma, una damu, au usaha unatoka.
- Kinena au chini ya kitovu panauma.
- Unaamka kukojoa mara nyingi usiku, na mkojo unadondoka tu.

Usinywe dawa iliyobaki ya rafiki. Usiiache ya hospitali ukashika mitishamba. Ukiambiwa ni ugonjwa wa zinaa, nenda na mke wako. Mmoja akitibiwa peke yake, ugonjwa unarudi. Mkojo ukiziba kabisa, usingoje kuche: panda boda usiku huohuo. Na ukipewa dawa, maliza dozi.

Kama huna dalili yoyote?
Saratani ikiwa changa haiumi, kwa hiyo usingoje dalili ndipo upimwe.

Kipimo cha damu
Ukifika miaka 45, muulize daktari kuhusu kipimo cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu; ikiwa juu, huenda tezi ina tatizo. Kama baba au ndugu yako aliugua saratani hii, uliza ukiwa na 40. Uvimbe nao hupandisha PSA, kwa hiyo kipimo kikiwa juu usikate tamaa, wala usikimbie. Ukikutwa na maambukizi utatibiwa kwanza, kisha utapimwa tena baada ya wiki kadhaa. Rudi siku uliyopangiwa.

Kwa mama wa nyumba
Baba akisema amepona na vidonge bado vimo kwenye pakiti, mpe maji na umwambie: maliza dozi.