Kutetemeka mlimani: je, ni kisukari?

*Nasoma Kampasi ya Solomon Mahlangu, Mazimbu. Jumamosi nilipanda Milima ya Uluguru tangu alfajiri bila kula. Njiani nikaanza kutetemeka, jasho likanitoka. Nilipokula ndizi mbili nikapata nafuu. Je, ni kisukari? – Msomaji, Morogoro*

Seli huchoma sukari kwa kadiri ya mahitaji yake. Nishati inayopatikana huwekwa kwenye molekuli ziitwazo ATP. Zikijaa, ATP hizo hunasa kwenye fosfofruktokinesi, kimeng'enya kinacholinda lango la njia ya kuchoma sukari, na kasi hupungua. Misuli ikizitumia mlimani, AMP, yaani mabaki ya ATP zilizotumika, huongezeka na kulifungua lango tena. Zao la njia ndilo linaloiongoza njia yenyewe, na hapo ndipo ulipo uzuri wa mfumo huu.

Damu nayo ina mizani yake. Sukari ikishuka, kongosho hutoa glukagoni, na ini huachia akiba yake ya sukari. Baada ya usiku mzima bila chakula, kisha mlima, akiba hiyo hupungua. Adrenalini hupanda, nayo ndiyo huleta mtetemeko na jasho. Kwa kijana mwenye afya, dalili zinazoisha mara baada ya kula kwa kawaida si kisukari.

Inafaa kunywa uji na kula maharage kabla ya safari, na kubeba ndizi. Kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kukonda bila sababu au kuzimia huhitaji kituo cha afya bila kuchelewa. Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ikifika 7.0 mmol/L, kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha kama ni kisukari.