Kusoma Namba za Gitaa la Besi

Tuchukue karatasi tupige mistari minne, mmoja kwa kila uzi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: mstari wa juu ni uzi mwembamba, G, kisha D, A, na wa chini kabisa ni ule mnene, E, ingawa gitaa likiwa kifuani ule mnene ndio ulio juu. Namba iliyo juu ya mstari ni freti. Tubane uzi nyuma kidogo ya freti hiyo, si juu yake. 0 ni kupiga uzi bila kuubana.

Tujaribu. 3 katika mstari wa chini ni G. Tukipanda mstari mmoja, 3 ni C na 5 ni D. Kwa hizo tatu tu nyimbo nyingi za kwaya zinapigika.

Lakini mara nyingi namba hazisemi sauti idumu muda gani. Sisi tuliwahi kukariri wimbo mzima kwa namba, na Jumapili tukamaliza ubeti waimbaji wakiwa bado katikati. Mwalimu wa kwaya hakututazama mpaka ibada ikaisha! Siku hizi tunauimba wimbo kwanza, mguu ukihesabu, ndipo tunashika gitaa.