Somo: Uaminifu

Soma maneno haya kwa sauti:

amini – mwamini – mwaminifu – uaminifu – amana

Ndugu msomaji, yatazame vizuri. Maneno haya ni ya ukoo mmoja, na asili yake ni Kiarabu. Lakini kila moja lina maana yake.

Kumwamini mtu ni kuwa na hakika kwamba hatakudanganya. Mwamini ni mtu anayeamini. Neno hili hutumika zaidi katika mambo ya dini. Mwaminifu ni mtu anayestahili kuaminiwa. Tabia yake huitwa uaminifu.

Amana ni kitu unachopewa ukitunze, kisha ukirudishe kwa mwenyewe. Fedha unazoweka benki pia huitwa amana. Basi mwaminifu hujulikana kwa amana. Alichopewa hukirudisha kamili.

Angalia matumizi:
Yeye ni mwaminifu.
Wao ni waaminifu.
Uaminifu wao umetusaidia.

Sasa chukua mfano huu. Akina mama 20 wana kikundi. Kila wiki kila mmoja anatoa shilingi 2,000. Mweka hazina anapokea, lakini haandiki. Wenzake hawadai risiti. Wanasema, "Huyu ni mwaminifu. Tukimdai risiti tutamvunjia heshima."

Baada ya wiki 10 wanahesabu. Zinatakiwa shilingi 400,000. Zipo 394,000. Watu wanaanza kunong'ona, "Kumbe amekula!" Mweka hazina analia. Hakula hata senti moja. Mwenzao mmoja alikuwa akiuguza mtoto, akakosa kutoa kwa wiki 3. Lakini hata huyo hakumbuki ni wiki ngapi. Hakuna daftari. Hakuna shahidi.

Mama huyu alikuwa mwaminifu, lakini jina lake limeharibika kwa shilingi 6,000. Mistari mitatu tu ya daftari ingemwokoa.

Kwa hiyo, ndugu, kuandika si kumdharau mtu. Daftari humlinda mwaminifu na humfichua mwizi. Mwaminifu haogopi kuhesabiwa. Ukikabidhiwa fedha za wenzako, andika jina, tarehe na kiasi. Kisha wasomee wote wasikie. Ukitoa fedha yako, dai risiti, uisome kabla ya kuondoka. Zamani labda ulitia dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Leo unajua kusoma na kuhesabu. Tumia elimu yako.

Maswali

1. Mwamini na mwaminifu wana tofauti gani?
2. Kwa nini mweka hazina alishindwa kujitetea?
3. Jaza nafasi: Amenirudishia ________ yangu yote. Kweli yeye ni ________.
4. Watu 15 wakitoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki 4, zitakuwa shilingi ngapi?
5. Zungumzeni darasani: Katika kikundi chenu nani anaandika fedha? Nani analikagua daftari?