Matiti ya silikoni: yana hatari gani?

Daktari wa upasuaji anajibu maswali ambayo wanawake huuliza kabla ya kuwekewa mifuko ya silikoni na baada yake.

Daktari, ni kweli silikoni ni sumu?

Hofu hiyo ina historia yake. Mwanamke wa kwanza aliwekewa mwaka 1962 mjini Houston, Marekani, na kwa takriban miaka 30 mifuko hii iliuzwa nchini humo bila watengenezaji kudaiwa ushahidi wa kutosha wa usalama. Mwaka 1992 mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ikaizuia kwa wanaotaka urembo tu. Kampuni ya Dow Corning, mtengenezaji wa mifuko hii, ilielemewa na kesi hadi ikaomba kinga ya kufilisika mwaka 1995. Jopo la wanasayansi lilipochambua tafiti mwaka 1999, halikuona ushahidi kwamba silikoni inaleta saratani ya matiti au magonjwa ya kinga kuushambulia mwili. Ruhusa ikarudi mwaka 2006. Kwa hiyo, hapana, si sumu. Ila madhara inayo.

Madhara gani hasa?

La kwanza ni kovu. Mwili huuzungushia mfuko utando wa kovu, na kwa baadhi ya wanawake utando huo hukaza: titi linakuwa gumu, linapinda, linauma. La pili ni mfuko kupasuka. Silikoni ya sasa ni nzito, haimwagiki kama maji, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka mingi na mfuko uliopasuka asijue. Ndiyo maana FDA inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI kuanzia mwaka wa tano au wa sita, kisha kila baada ya miaka 2 au 3, hata kama huumwi. Na kati ya wanawake watano waliowekewa kwa ajili ya urembo, hadi mmoja huondolewa mifuko hiyo ndani ya miaka 8 hadi 10. Wauza urembo hawalitaji hili: ukilipia upasuaji wa kwanza, anza kuweka akiba ya wa pili.

Na saratani?

Inayojulikana zaidi ni moja, nadra, nayo si saratani ya titi lenyewe. Ni limfoma, saratani ya chembe za kinga, inayoota kwenye ule utando wa kovu. Imehusishwa zaidi na mifuko yenye ganda la kukwaruza kuliko yenye ganda laini. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliiondoa sokoni duniani kote mifuko yake ya Biocell, yenye ganda hilo la kukwaruza, baada ya FDA kuitaka ifanye hivyo. Dalili kubwa ni titi moja kuvimba, mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji. Ikiwahiwa, kutoa mfuko pamoja na utando wake huwaponya wengi. Titi likivimba hivyo, usikubali kupewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani. Dai maji yake yapimwe maabara.

Tangu niwekewe nachoka, nasahau, viungo vinauma. Naambiwa ni mawazo tu.

Aliyekuambia hivyo amekukosea, dada. Hakuna kipimo kinachothibitisha kuwa chanzo ni mfuko, lakini malalamiko haya yanatoka nchi nyingi na baadhi ya wanawake hupata nafuu wakitolewa. Tangu Oktoba 2021 FDA imelazimisha mgonjwa asomewe hatari hizi kabla ya kuamua. Uchunguzwe kwanza tezi ya shingo, damu na baridi yabisi, kwani navyo huleta dalili hizohizo.

Nitaweza kunyonyesha?

Wengi hunyonyesha, wengine maziwa hupungua. Inategemea daktari alipopasua.

Nitajuaje kama nimewekewa kitu halali?

Kwa kulitazama titi, huwezi. Kampuni ya PIP ya Ufaransa ilijaza silikoni ya viwandani, na mifuko yake ilikuwa na alama ya ubora ya Ulaya. Udanganyifu ulifichuka mwaka 2010, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, akahukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Kabla ya hapo mifuko ilikwisha kufika nchi nyingi, na waliokuwa nayo walihitaji kujua kama ni ya PIP au la. Kwa hiyo usitoke hospitali, iwe Nairobi, Dubai au Istanbul, bila kadi yenye jina la kampuni, aina ya mfuko na namba yake. Kama ulishawekewa na huna kadi, waandikie leo wakupe nakala ya faili lako.