Vifuko vya Seli Shina na Kinga ya Moyo

Doksorubisini ni dawa kali ya saratani, lakini huweza pia kuua seli za misuli ya moyo, ambazo mwili huzifanya upya kwa uchache sana. Ndiyo maana daktari huweka hesabu ya jumla ya dozi zote alizopata mgonjwa.

Seli shina hutoa vifuko vidogo mno viitwavyo eksosomu, vyenye kipenyo cha nanomita 30 hadi 150 hivi. Ndani yake mna protini na RNA, ziwezazo kubadili mwenendo wa seli izipokeayo. Katika majaribio ya panya, vifuko hivyo vilipunguza vifo vya seli za moyo.

Hata hivyo, panya si binadamu. Mwanafunzi na ajiulize: tutahakikishaje kwamba kinga hiyo hailindi saratani yenyewe?