Geji ya Bomba au Geji ya Umeme?

Dereva huiona njia iliyo mbele yake, lakini injini haioni. Habari za injini huzipata kwa geji zilizo mbele ya usukani. Tena magari mengi hayana geji ya oili. Yana taa nyekundu tu. Taa hiyo huwaka presha ya oili ikiwa imekwisha kushuka sana, katika magari mengi chini ya paundi 10 kwa kila inchi mraba. Dereva akiiona, huenda vyuma vya ndani vimekwisha anza kusagana.

Mjomba wangu hubeba matoke kwa pikapu kutoka Masaka hadi Kampala. Anataka kuongeza geji mbili, ya oili na ya joto, naye ameniuliza anunue za namna gani, kwa kuwa nasoma fizikia. Injini ile ikifa, karo yangu nayo imekufa. Basi nimelichungua jambo hili kwa makini, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, geji ya bomba. Ndani yake mna kibomba chembamba cha shaba, kilichobanwa kikawa bapa, kisha kikapindwa kama mundu. Ncha yake moja imezibwa na kufungwa kwenye vigurudumu vinavyosukuma mshale. Oili yenyewe hutoka katika injini, ikapita katika mrija mpaka ndani ya geji. Presha ikizidi, kile kibomba hujaribu kujinyosha, na mshale hupanda. Ufundi huu ulisajiliwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, na hata leo unatumika. Hauhitaji betri wala waya.

Geji ya joto ya namna hii hufanya kazi vivyo hivyo, ila haiingizi maji ndani ya gari. Kichupa cha shaba hutiwa katika maji ya injini. Ndani yake mna kitu chepesi kugeuka mvuke, kama etha. Joto likizidi, mvuke husukuma kwa nguvu zaidi katika mrija, na mshale hupanda. Mrija huo haukatwi wala haupunguzwi. Ukiukata, mvuke hutoka na geji haifai tena. Ukiwa mrefu, uzungushe mviringo mpana na kuufunga.

Pili, geji ya umeme. Hapa oili hubaki katika injini. Sensa hufungwa kwenye injini, na waya tu ndio unaoingia ndani. Presha au joto likibadilika, ukinzani wa sensa hubadilika, nao umeme unaopita hubadilika, na mshale hufuata. Geji nyingi za zamani za umeme zilikuwa na utepe wa madini mawili uliopindika kwa joto, ndiyo maana mshale wake ulikwenda polepole. Nyingine za siku hizi zina mota ndogo, na mshale wake ni mwepesi kama wa geji ya bomba. Kwa hiyo msemo wa kwamba ya bomba ndiyo ya kweli daima, leo si sahihi.

Sasa tuulize: kila moja ikiharibika, hasara ni nini? Waya ukikatika, unapoteza habari tu. Oili ipo palepale. Mrija wa oili ukipasuka, oili ya moto humwagika miguuni pa dereva, na injini hukauka. Barabara yenye mashimo hutikisa mrija kila siku. Lakini geji ya umeme nayo ina udhaifu wake: hudanganya ikiwa ethi ni mbaya. Sensa nyingi hupata ethi kwa nyuzi za skrubu yake, na fundi akizifunika kwa tepu nyingi, mshale huweza kupotosha. Tena sensa na geji lazima ziwe zimetengenezwa kwenda pamoja; ukichanganya, hesabu huharibika.

Ushauri niliompa mjomba ni huu. Oili: geji ya umeme, kwa ajili ya mashimo ya njia. Joto: geji ya bomba, kwa kuwa injini yake iko mbele na mrija ni mfupi, wala ukipasuka haumwagi maji ya injini. Kwa basi lenye injini nyuma, ningechagua ya umeme kwa zote mbili. Geji ya presha ya petroli, ya bomba, isiingizwe kamwe ndani ya gari, maana ni kualika moto. Taa nyekundu isiondolewe. Fundi atie kiungo chenye njia tatu, ili taa na geji zitumike pamoja.

Neno la mwisho. Maji yakipungua mpaka kichupa au sensa ibaki hewani, geji yo yote huweza kuonyesha baridi huku injini inaungua. Kwa hiyo kila asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua rejeta utazame maji, kisha pima oili kwa kijiti chake.

Zoezi:
1. Kwa nini mrija wa geji ya joto haukatwi?
2. Mshale wa geji ya oili ya umeme umeanguka sifuri ghafula, nawe u njiani. Utafanya nini kwanza, nawe utajuaje kama kosa ni la injini au la waya?